Filamu Zisizosema Neno, Zilivyotazamwa Kibokoni

Jina la filamu ndilo lililowaleta watu. Nilipowaarifu jirani zangu wa Kibokoni, Mombasa, kwamba Ijumaa baada ya sala ya isha nitaonyesha filamu iitwayo Baraka, wengi walidhani ni mawaidha, na mama mmoja alifika na wajukuu wake watatu akiwa amewavisha kanzu. Neno hilo tulilolipokea kutoka Kiarabu ndilo ambalo mwongozaji wa Kimarekani, Ron Fricke, aliichagulia filamu aliyoitoa mwaka 1992, baada ya kuzunguka nchi 24 na kamera ya filamu ya milimita 70. Kwa zaidi ya saa moja na nusu hakuna msimulizi, hakuna mahojiano, wala hakuna maandishi ya kueleza mahali picha zilipopigwa. Karibu na mwanzo, kima wa Japani anaketi ndani ya maji ya moto huku theluji ikimdondokea kichwani, kisha anafumba macho polepole kama mtu aliyekumbuka jambo la zamani. Wale wajukuu watatu walinyamaza hapo hapo.

Picha ilipofika Makka na umati ukaonekana ukitufu kuzunguka Kaaba, mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango alianza kuleta talbia, ule wito wa mahujaji, kwa sauti ya chini, na watu kama watano wakamwitikia. Filamu haikuwaambia waseme chochote. Iliacha nafasi tupu, nao wakaijaza kwa maneno yaliyokuwa vifuani mwao. Tangu usiku ule nimekuwa nikionyesha filamu za namna hiyo mara moja kwa mwezi katika ukumbi wa nyumba ya marehemu nyanya yangu, kwa shuka jeupe lililotandazwa ukutani, projekta ya kuazima, spika mbili na sinia ya viazi karai. Nimeandika makala haya ili nieleze ni zipi nilizoziona zinastahili kutazamwa, na kwa nini nimefikia kuamini kwamba filamu isiyo na maneno haimaliziki mikononi mwa aliyeitengeneza. Humaliziwa na maneno ya wanaoitazama, na kwa hiyo ni jambo kubwa kujua ni akina nani walioketi mbele yake.

Watu wa Mombasa hawahitaji kufundishwa kutazama bila kuelewa maneno. Wazazi wetu walijaza majumba ya sinema ya mji huu kutazama filamu za Kihindi, na wengi wao hawakujua neno moja la lugha ile, lakini walirudi nyumbani wakiwa na hadithi nzima, mwanzo hadi mwisho, pamoja na nyimbo zake. Nyimbo zenyewe zikaingia katika taarabu; marehemu Juma Bhalo aliziimba tuni za filamu hizo kwa mashairi ya Kiswahili hadi ikawa vigumu kwa mtoto kujua kwamba zilipata kuwa za mtu mwingine. Kwa hiyo rafiki aliponiambia kwamba filamu za majaribio zisizo na maneno ni burudani ya wasomi wa Ulaya, nilimkumbusha habari za mama yake, ambaye hadi leo husimulia filamu za ujana wake, machozi yakimlengalenga, ingawa hakuwahi kufasiriwa hata sentensi moja.

Kwa anayeanza, ninapendekeza filamu fupi ya mwaka 1929 iitwayo Regen, yaani Mvua, iliyotengenezwa na Waholanzi Joris Ivens na Mannus Franken mjini Amsterdam. Urefu wake ni dakika kumi na chache tu. Upepo unatikisa nguo kwenye kamba, ndege wanaruka, tone la kwanza linapasua uso wa maji ya mfereji, mtu ananyoosha kiganja kisha anainua kola ya koti, miavuli inafunguka mmoja baada ya mwingine, na hatimaye mji mzima unang'aa. Mtazamaji huamini kwamba ameona mvua moja ikija na kupita, ilhali picha zile zilikusanywa kwa miezi mingi, mvua baada ya mvua, na kuunganishwa zikawa moja. Tuliitazama mwezi wa Mei, masika yakiwa yamepamba moto, maji yakigonga mabati ya jirani kwa nguvu kiasi kwamba hatukuhitaji muziki. Baada ya filamu kwisha hakuna aliyeinuka. Watu walianza kueleza mvua wanazozijua wao: mvua ya kwanza ambayo hunukisha udongo, mvua ya usiku ambayo huwatoa watu kitandani kwenda kukinga maji, na ile ya mwaka fulani iliyoangusha ukuta wa mtu. Dakika kumi na kidogo za picha zilizaa mazungumzo ya saa mbili.

Regen ilituonyesha pia jambo ambalo ni lazima lisemwe mapema, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba filamu isiyo na maneno ni filamu isiyo na kauli. Kauli ipo, nayo imo katika uhariri. Anayetaka kuiona waziwazi atafute Man with a Movie Camera ya Dziga Vertov, ya mwaka huo huo wa 1929, iliyopigwa katika miji ya Muungano wa Kisovieti, Moscow, Kyiv na Odesa. Mwanzoni inatangaza kwamba haina maandishi ya kueleza, haina hadithi iliyoandikwa na haina waigizaji. Mpigapicha alikuwa ndugu yake Vertov, Mikhail Kaufman, ambaye tunamwona akipanda madaraja na magari akiwa na kamera yake ya miguu mitatu. Lakini moyo wa filamu, kwa maoni yangu, ni mke wa Vertov, Elizaveta Svilova, aliyeihariri. Katikati ya filamu farasi anayekimbia anasimama ghafula, picha inaganda, na tunamwona Svilova mezani kwake akiwa na mkasi na vipande vya filamu vilivyopangwa. Uso wa mtoto uliokuwa kijipicha kimoja kilichokufa mkononi mwake unarudi kwenye ukuta wetu ukiwa hai, unacheka. Fundi cherehani aliyekuwa miongoni mwetu alisema kwa furaha isiyofichika kwamba yule mama anakata na kuunga kama yeye, na kwamba nguo haionekani kuwa nguo hadi itakapoungwa. Mwaka 2014 jarida la Uingereza la Sight & Sound liliwauliza wahakiki na watengenezaji ni filamu ipi ya hali halisi iliyo bora kuliko zote, na hiyo ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza.

Inayojulikana zaidi katika ukoo huu ni Koyaanisqatsi ya mwaka 1982. Mwongozaji wake, Godfrey Reggio, alikuwa bradha wa shirika la Kikatoliki kwa miaka kumi na minne kabla ya kugeukia filamu. Mpigapicha alikuwa Ron Fricke, yule yule ambaye miaka kumi baadaye angetoa Baraka. Na muziki ni wa Philip Glass. Jina ni la lugha ya Wahopi, wenyeji wa Arizona, na maana yake ni maisha yaliyopoteza mizani. Inaanza na michoro ya kale kwenye mwamba na roketi inayopaa, inapita juu ya majangwa na mawingu yanayotiririka kama maji, kisha inaingia mijini, ambako tunaona majengo ya makazi ya Pruitt-Igoe huko St. Louis, yaliyojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu wa kipato cha chini, yakiporomoshwa kwa baruti kabla hayajafikisha umri wa mtu mzima. Kamera inapiga picha moja moja kwa kusubiri, kisha picha hizo zinaonyeshwa kwa mfululizo, hivyo saa nzima ya barabara inakuwa sekunde chache, taa za magari zinakuwa mito miwili, mmoja mwekundu na mmoja mweupe, na abiria wa stesheni ya Grand Central mjini New York wanamiminika kama mtama uliopasuliwa gunia.

Nilipoitazama mara ya kwanza nilishangilia. Nilipoitazama mara ya tatu nilikuwa nimetoka Likoni jioni ile, nimesimama ndani ya feri katikati ya umati, ubavuni mwangu mama aliyebeba ndoo ya dagaa na mbele yangu kijana aliyekuwa akimfunga mdogo wake kamba za viatu. Niliwaza kwamba kama mtu angeweka kamera juu ya ghati na kutuharakisha, tungeonekana kama wale wa Grand Central, siafu waliochokozwa, na hakuna ambaye angejua kuhusu ndoo wala viatu. Kuharakisha picha huonyesha umbo la umati ambalo jicho letu haliwezi kuliona lenyewe, na hilo ni jambo la thamani. Lakini humfuta mtu mmoja mmoja. Reggio, naamini, alilijua hilo, kwa kuwa mahali pengine anafanya kinyume chake kabisa: anamsimamisha rubani mbele ya ndege yake ya kivita, anawapanga wahudumu wa kasino ya Las Vegas katika mstari mmoja, na kuwaacha watutazame kwa muda mrefu kuliko ule ambao adabu inaruhusu. Siku hizi sehemu hizo ndizo ninazozisubiri. Kuhusu muziki wa Glass, ni mzuri mno, na uzuri wake ndio unaonitia shaka, maana wakati mwingine unakuamulia cha kuhisi kwa uhakika kuliko msimulizi yeyote.

Kwa sababu hiyo nikatafuta filamu isiyo na muziki wa kunishika mkono, nikaipata Leviathan ya mwaka 2012. Waliitengeneza wanaanthropolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Lucien Castaing-Taylor na Véréna Paravel, ndani ya meli ya uvuvi iliyotoka bandari ya New Bedford nchini Marekani. Walitumia kamera ndogo zinazostahimili maji, wakazifunga miilini mwa wavuvi na kwenye ncha za miti, wakazitumbukiza ndani ya maji na kuziinua tena, hata usiweze kujua kama unayeangalia ni mtu, samaki au ndege. Shakwe wanaruka kichwa chini miguu juu. Sakafu ya meli inachururika damu. Watu wanazungumza, lakini injini na minyororo vinayameza maneno yao, ikabaki mingurumo tu. Ni filamu ngumu kutazama, na kwangu mimi ndiyo bora kuliko zote nilizozitaja.

Usiku ule mjomba wangu alikuwapo. Amevua tangu utotoni, kwa mitego ya dema, kwa mshipi na kwa wavu wa jarife, na hakuwa amewahi kukubali mwaliko wangu hata mara moja, kwa kuwa mvuvi hulala mapema. Watu wengine walikuwa wakiuliza pale ni wapi na kile ni nini, yeye hakuuliza. Wavuvi wawili wa kule walipoanza kuwakata samaki aina ya taa mabawa, mmoja baada ya mwingine, kwa mapigo ya haraka ya kisu, alisogea mbele akaketi chini karibu na shuka. Taa kwetu ni kitoweo cha heshima, cha kupikwa kwa tui zito, na hatupwi ovyo.

"Mwanangu," akaniambia bila kugeuka, "hawa wavua ama wachinja?"

Kisha akaanza kutufasiria. Alieleza uzito wa wavu kwa jinsi mnyororo ulivyolia, akaeleza kwa nini yule mtu alisimama kando na si mbele, na akaeleza kwamba wavu unaokokotwa chini ya bahari huzoa pamoja na samaki kila kilicholala pale, mawe, majani na watoto wa samaki. Kutoka hapo akaingia katika ugomvi wa miaka mingi kati ya wavuvi wadogo na meli zinazokokota nyavu za kuvulia kamba wa baharini katika Ghuba ya Ungwana, ambao wengi wetu tulikuwa tumeusikia redioni bila kuuona. Sasa tulikuwa tukiuona, ingawa bahari ile ilikuwa ya watu wengine. Karibu na mwisho kuna picha moja ndefu ya mvuvi aliyeketi ndani ya chumba cha kulia akitazama televisheni. Hafanyi kitu, macho yanamzidi nguvu kidogo kidogo, mpaka usingizi unamchukua. Vijana walianza kutikisika vitini. Mjomba alinyamaza muda wote wa picha ile, na ilipokwisha alisema tu, "Huyo namjua."

Laiti ningeishia hapo, ningekuwa nimezisifu filamu hizi bila kuzitendea haki, kwa sababu kunyamaza kuna upande mwingine. Forest of Bliss ya Robert Gardner, ya mwaka 1986, inaonyesha siku moja ya Varanasi, mji mtakatifu wa Wahindu ukingoni mwa mto Ganges: kuni zinapimwa kwenye mizani, maua ya manjano yanatungwa, mashua zinaundwa, maiti zinateremshwa mtoni. Haina msimulizi wala maandishi ya tafsiri, na kwa hilo ilizua mabishano makali miongoni mwa wanaanthropolojia. Lakini watu wa Varanasi wanaongea ndani yake. Wanaongea, na mwongozaji ameamua kwamba mtazamaji wake hatafasiriwa. Jirani yetu mmoja ambaye anaelewa Kihindi alicheka mahali ambapo sisi sote tulikuwa tumekaa kwa heshima kama walio matangani, na tulipomuuliza alisema kwamba yule mzee anaongea kama mzee yeyote wa barazani. Nimekifikiria sana kicheko hicho. Filamu ile haina maneno kwa ajili ya nani? Kwa jirani yule ina maneno tele, na aliona filamu tofauti na yetu.

Shangazi yangu anakaa kwenye nyumba yenye mlango wa nakshi ambao wageni huupenda, na kila msimu wa utalii yeye hurudia kauli ile ile: "Wamepiga picha, hawakupiga hodi." Namkumbuka kila ninapowaona Wamaasai wakiruka ndani ya Baraka, wakitazama kamera bila ya jina, bila ya mahali, bila ya neno. Mkenya yeyote huwatambua papo hapo, lakini aliye mbali huona fumbo tu. Namkumbuka zaidi ninapotazama Powaqqatsi, ambayo Reggio aliitoa mwaka 1988 kuhusu nchi za kusini mwa dunia. Inafunguka katika machimbo ya dhahabu ya Serra Pelada nchini Brazili, ambako maelfu ya wanaume waliolowa tope wanapanda ukuta wa udongo wakiwa na magunia mabegani, kwa mwendo uliopunguzwa, huku kwaya ya watoto ikiimba, na mwenzao aliyeumia amebebwa juu juu. Picha ni nzuri kupita kiasi. Nimewaona mahamali wa soko la Kongowea wakibeba magunia ya viazi asubuhi, na najua kwamba kama ningewapunguza mwendo na kuwawekea kwaya, wangependeza vivyo hivyo, na bei ya kubeba gunia moja isingejulikana. Filamu hiyo naipendekeza kwa mtu aliye tayari kubishana nayo.

Nyingine nitazitaja kwa haraka. Glas ya Bert Haanstra, ya mwaka 1958, ni dakika chache za mafundi wa Uholanzi wanaopuliza vioo kwa mashavu yao, kisha mashine inayotoa chupa, kisha chupa moja iliyovunjika ambayo inaivuruga mashine nzima. Ilipata tuzo ya Oscar, na watoto huomba irudiwe. Our Daily Bread ya Mwaustria Nikolaus Geyrhalter, ya mwaka 2005, inaonyesha namna chakula cha Ulaya kinavyozalishwa viwandani, kamera ikiwa imesimama wima bila kutikisika. Vifaranga wanasafiri juu ya mikanda, na wafanyakazi wanakula mkate wao wakiwa peke yao. Baada yake hakuna aliyegusa kuku wa gredi niliyekuwa nimemnunua. Dead Slow Ahead ya Mhispania Mauro Herce, ya mwaka 2015, imepigwa yote ndani ya meli ya mizigo, na sauti chache za watu zinasikika kwa mbali kama zinatoka kisimani. Kwa mji ambao watoto wake hukua wakihesabu meli zinazoingia Kilindini bila kujua aliyemo ndani, sijui filamu nyingine inayojibu swali hilo kwa uzito kama huo.

Wiki mbili baada ya Leviathan, mjomba alinijia akaniuliza bei ya kamera ndogo kama zile. Nilikuwa nayo moja ya kuazima. Tukakubaliana kwamba nitaifunga kwenye mlingoti wa mashua yake alfajiri, maadamu kusi halijakaza, na kwamba hatutaongea chochote njia nzima, yeye avue kama anavyovua siku zote. Nilikuwa nikiukaza mkanda wa mwisho aliponishika mkono.

"Igeuze," akasema. "Itizame bahari. Isitizame pwani."

Nilimweleza kwamba hakuna sauti itakayoingia, wala sitaandika jina la mahali popote. Akatikisa kichwa. Mwamba wake anaujua kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, na pembe zake alizipokea kutoka kwa baba yake, ambaye hakuwahi kumtajia mtu baki. Mvuvi yeyote atakayeziona zimekaa pamoja katika picha moja atajua dema zake zimelala wapi, na hatahitaji kuambiwa neno. Nikaigeuza kamera. Tulirudi saa nne asubuhi na dakika arubaini za picha, ambamo kuna mgongo wake, kamba inayopanda, maji, na mstari wa upeo wa macho usio na kitu juu yake.